Bluu ya Mlango wa Kwanza

Mtaa mzima walimwita Mikono Mitatu, na mgeni aliyelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza alimkagua juu mpaka chini akiutafuta mkono wa ziada. Hakuwa nao. Alikuwa mpaka rangi, mwanamume mrefu, mkimya, bega la kulia limelala kidogo kwa miaka mingi ya kubeba ngazi. Kwa watu wa kazi yake, kuupaka ukuta wote rangi mara moja kunaitwa kupiga mkono. Mafundi wengi hupiga mikono miwili, wakafunga makopo yao na kwenda zao. Yeye roho yake ilikataa. Mwenye nyumba angesema imetosha fundi, imependeza, naye angejibu kwamba ngoja ikauke, tutaonana kesho. Kesho yake asubuhi huyo mlangoni na brashi yake, kupiga wa tatu.

Alikuwa na taratibu nyingine mbili ambazo wenzake walizichekea. Ya kwanza, hakuiamini rangi mbichi. Rangi mbichi, alisema, ni kama mchumba siku za mwanzo, inakuonyesha uzuri tu. Ikikauka ndipo utaijua ilivyo. Kwa hiyo kila alipochanganya rangi alidondosha tone moja kwenye ukucha wa dole gumba la kushoto, akalipuliza, akatembea nalo mara juani mara kivulini mpaka likauke, ndipo akatoa hukumu. Ya pili, hakumaliza nyumba ya mtu hata siku moja. Nyuma ya mlango aliacha mahali pa upana wa kiganja, halafu akamkabidhi mwenye nyumba brashi, apamalizie mwenyewe. Nyumba ni yenu, alikuwa akisema, mimi nimepita tu.

Mtu huyu tangu utotoni alikuwa na swali lililomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alipokuwa darasa la tatu alimwuliza mwalimu wake: mimi nikiona njano, na mwenzangu akiona njano, nitajuaje kama tunaona kitu kimoja? Mwalimu akainua chaki ya njano, akaliuliza darasa zima hii ni rangi gani, darasa likaitika njano. Umesikia, mwalimu akamwambia, kaa chini. Akakaa. Lakini moyoni alijua hajajibiwa. Wote walikuwa wamefundishwa neno moja. Kama ndani ya kichwa cha yule aliyekaa naye dawati moja njano ilionekana kama kijani, naye angeitika njano vilevile, na hakuna ambaye angekuja kujua mpaka siku ya mwisho.

Akakua nalo, akaingia nalo kazini, na akaoa akiwa nalo.

Mwaka aliooa, walipanga chumba kimoja chenye mlango mpya wa mbao usiopakwa kitu. Mkewe alikuwa msichana mcheshi, mfupi, asiyeweza kupita mahali bila kusema neno. Alimtazama mumewe akirudi kila siku na nguo zenye madoa ya nyumba za watu, akamwambia kwamba fundi unapendezesha milango ya mtaa mzima na wa kwako uko uchi. Basi jioni moja mumewe akakusanya masalio ya makopo matatu, bluu ya shule moja, nyeupe ya zahanati, na nyekundu kidogo sana, kama tone la damu, iliyobaki kwenye kibao cha duka. Akaanza kukoroga. Bibi harusi alisimama juu yake, mikono kiunoni, kama msimamizi wa ujenzi. Akasema ongeza. Akaongeza. Akasema ongeza, bado imelala. Akaongeza tena, safari hii kwa ncha ya kijiti.

"Hapo," mkewe akasema. "Hapo hapo, Fundi. Usiiguse tena."

Akaiangalia. Ilikuwa bluu ambayo hakuwahi kuipata tena maisha yake yote, bluu iliyo wazi, yenye joto kwa mbali, kama mbingu iliyokwisha oshwa na mvua na sasa inaanikwa. Wakapiga mikono mitatu. Pale nyuma ya mlango, mahali pa upana wa kiganja, mkewe akamalizia mwenyewe. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kushika brashi na rangi ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Wakasimama wawili wakiutazama mlango, na yule mtu akahisi jambo ambalo hakulisahau: kwamba kwa muda mfupi kilichoingia kwa mwenzake ndicho kilichoingia kwake. Akamwuliza kama anaiona kama yeye anavyoiona. Mkewe akacheka, akasema sasa nitaionaje vingine, na mimi ndiye niliyekwambia ongeza?

Halikuwa jibu. Lakini alilitunza kama jibu.

Miaka thelathini na minne ikapita. Walijenga nyumba yao, na walipohama fundi aliung'oa ule mlango akauchukua, akamwachia mwenye chumba mwingine, ukawa mlango wa stoo uani. Ulipakwa kijani, ukapakwa kahawia, ukapakwa kijivu, kadiri masalio yalivyopatikana. Wakazaa, wakazika mmoja, wakalea mmoja, binti ambaye alikuja kuwa karani wa shule na kuishi mitaa miwili kutoka kwao.

Halafu macho ya yule fundi yakaanza kuingia ukungu. Ukungu huo huja polepole sana, hata mwenyewe hajui umekuja. Yeye aliona dunia tu imechakaa. Alidhani viwanda vya rangi vimeharibika, kwamba siku hizi nyeupe wanatengeneza ya kimanjano na bluu wanaitengeneza ya kizembe. Akawa anaongeza bluu ili kurekebisha. Wenye nyumba walimwambia kwa upole, fundi, mbona chumba kama kina baridi? Akawajibu kwamba hiyo ndiyo nyeupe safi, mmezoea uchafu.

Binti yake akampeleka hospitali. Wakasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Walianza na la kulia, la kushoto wakamwandikia tarehe ya miezi mitatu mbele. Jirani yao, fundi viatu, mtu ambaye mdomo wake haukuwahi kufunga kibanda, alimwona akirudi na bandeji na kumpigia kelele kutoka ng'ambo ya barabara kwamba hongera mzee kwa kujifungua salama, je, ni wa kike au wa kiume?

Kesho yake, bandeji ilipotolewa kule hospitali, aliziba jicho la kushoto na kutazama kwa la kulia. Dunia ilikuwa imefuliwa. Akaziba la kulia na kutazama kwa la kushoto, dunia ikarudi kwenye chai ya rangi. Alikaa pale kitandani akiziba na kuzibua kama mtoto mchezoni, na ule mwiba wa utotoni ukamchoma upya. Maana sasa haikuwa tena yeye na mwenzake wa dawati. Ndani ya kichwa chake kimoja walikaa mashahidi wawili, na hawakukubaliana.

Akamwuliza daktari wa macho, mwanamke kijana mwenye sauti ya taratibu, ni lipi linasema kweli. Daktari akamwambia ni la kulia, hili la kushoto lina pazia la njano.

"Na rangi yenyewe, mwanangu, iko wapi? Iko ukutani au iko kichwani?"

Daktari akaweka kalamu chini. Akamweleza vizuri tu kwamba mwanga unatoka ukutani, unaingia jichoni, huko nyuma unageuzwa kuwa habari, habari inapita kwenye mshipa mpaka kwenye ubongo. Fundi akauliza halafu. Daktari akasema halafu unaona.

"Nani anaona?"

Daktari alitabasamu, halafu tabasamu likaondoka. "Hapo, mzee wangu," akasema, "hata waliotufundisha walikuwa wanafunga kitabu."

Alirudi nyumbani kwa miguu, naye njiani akaona kosa lake. Kila mlango alioupaka ndani ya miaka minne iliyopita ulikuwa umezidi bluu. Ukuta wa nyumba ya ibada, ambao alijivunia kuwa ameupaka rangi ya maziwa, ulikuwa na ubluu wa maji ya kufulia. Nyumba baada ya nyumba, mtaa ulikuwa umebeba ugonjwa wa jicho lake, na watu wema wamekaa humo ndani wakinyamaza wasimvunje moyo. Aliinamisha kichwa mpaka alipofika kwake.

Nyumbani kulikuwa na jambo zito zaidi. Mkewe alikuwa na kisukari mwaka wa tisa. Kilianza na miguu, kikamlaza, na sasa kilikuwa kimeshuka machoni. Huyu hakuwa na pazia la kuondolewa. Kilichoharibika kilikuwa kule nyuma kabisa, mahali ambapo mwanga unapokelewa. Waliambiwa wasitegemee aone zaidi ya miezi miwili. Yule mwanamke asiyeweza kupita mahali bila kusema neno alikaa siku mbili bila kusema neno. Siku ya tatu akamwita mumewe, akamwonyesha ukuta ulioelekea kitanda chake, ukuta wa chokaa tu, uliochoka.

"Nipakie ile bluu ya mlango wetu wa kwanza," akasema. "Nataka iwe kitu cha mwisho kukiona. Tuione tena wote wawili, kabla sijazimika."

Basi hilo ndilo likawa shughuli ya yule mzee, na nakwambia hakuwahi kupewa kazi kubwa kuliko hiyo.

Alianza kama fundi anayejua kazi yake. Alikwenda stoo, akaufungua ule mlango wa zamani, akalegeza skrubu za bawaba ya juu. Chini ya chuma cha bawaba, mahali ambapo jua halikufika wala msasa haukupita, akakwangua kwa kisu kijivu, akakwangua kahawia, akakwangua kijani, na pale chini kabisa akaikuta. Kipande cha ukubwa wa ukucha. Akakitoa pamoja na kibanzi cha mti, akakipeleka juani, akakitazama kwa jicho la kulia. Machozi yakamtoka. Ilikuwa ile ile, bluu iliyo wazi, yenye joto kwa mbali.

Siku mbili alichanganya. Alilinganisha ukucha wake na kile kipande, kivulini na juani, mpaka ukiviweka pamoja huwezi kusema hiki kinaishia wapi na kile kinaanzia wapi. Akapaka pale ukutani sehemu ya ukubwa wa mlango, akasubiri ikauke, akafungua madirisha yote. Akamwinua mkewe kwa mito. Mkewe alitazama kwa muda mrefu, kwa upole, kama mtu asiyetaka kumvunja moyo mgeni.

"Fundi," akasema, "hii ni kijivu."

Akadhani mwanga hautoshi. Akamletea kile kipande chenyewe, akakiweka kiganjani mwake, akamweleza kilikotoka, kwamba huu ndio mlango wetu wenyewe, huu ni ule mkono wa kwanza kabisa tulioupiga mimi na wewe. Mkewe akakisogeza karibu na pua, akakigeuza. Akasema hata hiki sicho. Akasema labda kimechakaa.

Hakikuwa kimechakaa. Yule mzee alitoka akakaa uani kwenye ndoo aliyoigeuza juu chini. Alikuwa ameshika mkononi rangi yenyewe hasa, ile iliyowahi kuwa ndiyo, na sasa ilikuwa siyo. Rangi haikubadilika. Basi ni nini kilichobadilika, na kile walichokiona siku ile kilikuwa wapi, kama hakikuwa kwenye rangi?

Kiongozi wa ibada alifika siku hiyo kumwombea mgonjwa, mzee wa makamo yake, wamejuana tangu ujana. Alimkuta pale kwenye ndoo. Fundi hakumwamkia vizuri, akamwuliza moja kwa moja: kabla Mungu hajaumba jicho la kwanza, bahari ilikuwa ya rangi gani? Yule mzee akavuta kigoda, akasema Mungu alikuwa anaiona. Fundi akauliza kama sisi tunavyoona? Kuku akapita katikati yao.

"Sijui," kiongozi wa ibada akasema. "Nami nimechoka kujifanya najua. Najua tu kwamba tunaonwa. Tunaonwaje, sijui."

Wakaingia ndani, akasali sala ndefu kuliko kawaida yake, na hakumwomba Mungu ajibu chochote, alimwomba akae nao.

Ilikuwa wakati wa sala hiyo ambapo fundi, ameinamisha kichwa, kile kipande bado kiko mkononi, alifikicha jicho la kulia kwa kiganja. Likabaki la kushoto peke yake, lile bovu, lile linalosubiri tarehe. Akakitazama kipande kwa jicho hilo. Kilikuwa kijivu.

Sala ilipokwisha alichelewa kuitikia. Kwa jicho hili bovu alikuwa amepita karibu na pale mkewe alipo. Si pale hasa, maana ugonjwa wa huyu si ugonjwa wa yule, lakini karibu, kama chumba cha pili. Akaelewa kwamba bluu anayoitafuta haimo kwenye kopo lolote. Ili huyu mwanamke aone alichokiona siku ile, itabidi rangi iwe nyingine kabisa. Alikuwa ameleta rangi ya kweli kwa macho yasiyokuwa na njia ya kuipokea.

Kesho yake akajifunga kitambaa jicho la kulia, jicho zima, lililo safi, na kuanza upya na lile bovu. Jirani fundi viatu alipita akamwona uani na kitambaa, akasema huyu mzee wamemfungua jicho hospitali yeye anakuja kulifunga nyumbani, hata mimi viatu nikishashona huwa sivifumui. Fundi akamwambia aje asaidie kukoroga au aende zake. Akaja akakoroga, kusema kweli, na mdomo wake ukakoroga pia.

Alitia bluu kali, akatia nyeupe kuipa mwanga, akatia nyekundu, na safari hii si tone, ni kijiko. Mara tano alikausha ukucha na mara tano akaufuta kwa tapentaini. Mkewe akawa anasikia mikwaruzo ya kijiti kwenye ndoo kupitia dirishani, na mara ya sita alipoingia na ukucha wake, akaunyoosha mbele ya uso wa mkewe karibu kabisa, mkewe akasema, ongeza. Neno lile lile, kwa sauti nyingine. Akatoka akaongeza. Akarudi. Ongeza, Fundi, bado imelala. Akaongeza. Jirani alikuwa ameacha utani, anakoroga kimya. Fundi akarudi mara ya nane, akaweka dole gumba mbele ya yale macho yanayozimika.

"Hapo," mkewe akasema. Akamshika mkono wote. "Hapo hapo. Usiiguse tena."

Naye kwa lile jicho la kushoto akaiangalia, na ilikuwa yenyewe.

Alipiga mikono mitatu, siku tatu, kitambaa kikiwa jichoni muda wote. Binti yao alipokuja siku ya nne na kufungua mlango wa chumba, alirudi nyuma hatua moja. Akamvuta baba yake pembeni, akamwambia kwa heshima kwamba baba, ukuta unapiga kelele, ni kama zambarau, mgonjwa atalalaje humo? Majirani walioingia kumjulia hali mgonjwa walisema umependeza, kisha wakatoka wakiziba midomo. Jirani fundi viatu peke yake hakucheka. Alikuwa amekoroga.

Palibaki mahali pa upana wa kiganja, chini, usawa wa kitanda. Fundi alichovya brashi, akaifuta ukingo wa kopo, akaiweka mkononi mwa mkewe na kuushika mkono huo kwa chini. Mkewe akapamalizia. Rangi ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

Wiki tano waliutazama ukuta huo. Asubuhi alimwinua kwa mito, akaketi kando yake, akaziba jicho la kulia. Siku moja mkewe akauliza, "Mimi nikipofuka, hii bluu inakwenda wapi?" Mumewe akasema haiendi, ukuta utakuwepo. Mkewe akasema hakuuliza ukuta. Alisema alikuwa akilala macho yamefumba, anaiona vilevile, na macho hayakuhusika. Sasa hiyo anayoiona huko ndani inaangaliwa na nani, na huyo anayeiangalia, yeye anazimika na nini? Mumewe akasema yeye tangu darasa la tatu anauliza swali hilo. Mkewe akamwambia pole, kumbe nimeishi na mtu mwenye maumivu na sikujua. Na wote wawili wakacheka kidogo.

Kisha asubuhi moja akamwinua kwa mito na mkewe akageuza uso kushoto na kulia, kama mtu anayetafuta mlango. Akauliza kama madirisha yamefunguliwa. Yalikuwa yamefunguliwa yote.

Tarehe ya jicho la kushoto ilifika mwezi uliofuata. Binti alikuja na nguo za baba yake zimepigwa pasi, akakuta baba hajaoga. Fundi akasema wiki ijayo. Wiki iliyofuata akasema ana kazi. Ukweli ni kwamba karatasi ya hospitali alikuwa ameificha kwenye kopo la misumari, na kila siku, mkewe akiwa amelala, aliziba jicho la kulia, akautazama ukuta kwa lile bovu. Sasa lilikuwa ndilo jicho pekee duniani lililoweza kuiona bluu yao. Wakilisafisha, hakuna mtu aliye hai angeiona tena. Ukungu ulikuwa unaongezeka, alishaanza kujigonga kwenye ngazi, na bado aliulinda ule ukungu kama mtu anayelinda moto usizimwe na upepo.

Hakumwambia mtu. Lakini binti alilalamika mbele ya kitanda, kwa uchungu, kwamba baba anataka kupofuka kwa makusudi, na mama alikuwa amepoteza macho, hakupoteza masikio. Akamwambia binti atoke kidogo. Akamwita mumewe akae.

"Unaubakiza huo ukungu kwa ajili yangu," akasema. "Nenda kaoshwe jicho. Nyumba hii inahitaji mtu wa kuona sindano ya dawa yangu. Na ukirudi, unitazamie ukuta, uniambie ulivyo. Usinidanganye."

Akaenda. Alilala hospitali siku moja, akarudi na bandeji, na asubuhi iliyofuata binti akaitoa kwa maji ya uvuguvugu. Fundi akaingia chumbani polepole, akasimama miguuni pa kitanda, macho yote mawili wazi, mashahidi wote wawili sasa wakisema neno moja. Aliutazama ukuta. Aliutazama muda mrefu.

"Eti ukoje?" mkewe akauliza.

Maisha yake yote hakuwahi kumdanganya, na hakuanza siku hiyo. Akasema, "Ni mbaya, Bibie. Ni kama mtu amemwaga chupa ya wino, akaona haitoshi, akamwaga nyingine. Wale waliocheka walikuwa na haki."

Mkewe alicheka mpaka akakohoa, na ikabidi amshikie kikombe cha maji. Akasema masikini majirani, tumewanunia bure. Halafu akapapasa ukutani usawa wa kitanda, mpaka vidole vikapapata mahali pale alipopamaliza kwa mkono wake, ambapo rangi ilikuwa imekaa nene, na michirizi.

"Kwa hiyo sasa ile yetu ipo kwangu tu," akasema.

"Ipo kwako tu."

"Na unaiona? Huko ndani?"

Fundi akajaribu. Akakiri kwamba anakumbuka kuwa aliiona, lakini yenyewe haiji, kinachokuja ni kile cha ukutani. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeangusha kitu cha watu. Mkewe akagonga kitanda kwa kiganja, pale kando yake. Akamwambia avue viatu, apande, akae, afumbe macho hayo mapya. Fundi akapanda. Akafumba.

Hakuanza na rangi. Alianza na kile chumba cha kwanza, na bawaba iliyokuwa inalia, na makopo matatu sakafuni, la shule, la zahanati na la kibao cha duka. Akamwambia koroga. Yule mzee, mikono imetulia mapajani, akaanza kukoroga gizani. Binti alisukuma mlango na chai, akawaona wamekaa bega kwa bega wameuelekea ule ukuta wa kutisha, macho yamefumba wote wawili, akarudisha mlango taratibu.

"Umepata nini?" mkewe akauliza.

"Kama kijivu."

"Tia nyekundu. Tone."

Akatia. Kuku walisikika uani, na kule ng'ambo ya barabara nyundo ya fundi viatu.

"Sasa?"

"Inakuja kidogo," akasema. "Niseme hapo?"

"Usiseme hapo kwa kunifurahisha mimi. Imefika?"

Yule mtu akaitazama kwa kitu hicho ambacho hakuna daktari aliyemwambia ni nini. Akaitazama kwa uaminifu wake wote.

"Bado," akasema.

"Basi ongeza," mkewe akamwambia.